Msimu wa 2005 uliomfungulia Hamilton mlango wa langalanga

Na Mwandishi Wetu

KWA msomaji wa Masasi, Newala au hata Dar es Salaam, jina la Lewis Hamilton lilianza kusikika mwaka 2007, pale kijana huyo wa Kiingereza alipoingia katika mbio za Formula One na kuanza kuwatoa jasho madereva waliokuwa tayari mabingwa wa dunia. Magazeti yalimwita dereva wa kwanza mweusi katika historia ya langalanga, na wengi walidhani ameibuka ghafla kama uyoga.

Haikuwa hivyo. Miaka miwili kabla ya hapo, katika mashindano ambayo hapa nchini hayakuandikwa hata mstari mmoja, kijana huyo alikuwa ameshinda mbio 15 kati ya 20 za msimu mzima. Mashindano hayo yaliitwa Formula 3 Euro Series, nayo yalikuwa ngazi ya madereva chipukizi barani Ulaya. Anayetaka kujua namna dereva wa langalanga anavyopikwa, msimu huo wa 2005 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwanza tueleze gari lenyewe. Gari la kiti kimoja halina mlango wala paa, na magurudumu yake manne yako nje ya bodi. Dereva hulala nusu chali, miguu mbele, kichwa pekee kikionekana juu. Mbele na nyuma kuna mabawa, ambayo kazi yake ni kinyume cha yale ya ndege: hulikandamiza gari chini ili lisiruke wala kuteleza kwenye kona.

Gari la Formula 3 la wakati huo liliundwa na kampuni ya Dallara ya Italia, likiwa na injini ya lita 2 iliyobanwa kwa makusudi katika njia yake ya hewa ili isizidi nguvu za farasi zipatazo 210. Kwa kulinganisha, gari zuri la kifahari linalopita Barabara ya Samora linaweza kuwa na nguvu hizo au zaidi. Tofauti ni uzito. Gari la Formula 3 pamoja na dereva wake halikupaswa kupungua kilo 550, yaani chini ya nusu ya uzito wa gari hilo la kifahari.

Kubanwa kwa injini kulikuwa na maana yake. Kwa kuwa nguvu ni kidogo, dereva akikosea kona moja hupoteza mwendo ambao hawezi kuurudisha kwa kukanyaga mafuta tu. Ndiyo maana wakuu wa timu za Formula One waliiamini ngazi hii kuliko nyingine: ilimwanika mtu asiyejua kuendesha.

Mashindano ya Euro Series yalianzishwa mwaka 2003 kwa kuunganisha ligi mbili za Formula 3, ya Ufaransa na ya Ujerumani, ambazo kila moja ilikuwa imeanza kupungukiwa washiriki. Sehemu kubwa ya mbio zake ziliendeshwa wikiendi moja na zile za magari ya kawaida ya Ujerumani, DTM, hivyo chipukizi walikuwa na uhakika wa kutazamwa na watu wengi.

Msimu wa 2005 ulikuwa na wikiendi 10, kila wikiendi mbio 2. Ulianzia Hockenheim, Ujerumani, mwezi Aprili, ukapita Pau kusini magharibi mwa Ufaransa, Spa-Francorchamps nchini Ubelgiji, Monaco, kisha Oschersleben, Norisring na Nürburgring nchini Ujerumani, Zandvoort iliyoko kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Uholanzi, Lausitzring, na kurudi Hockenheim mwezi Oktoba kufunga hesabu. Mshindi wa mbio alipata pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, na kushuka hadi wa nane aliyepata 1.

Viwanja hivyo havifanani hata kidogo. Spa ni barabara ndefu ya msituni yenye vilima na mvua zisizotabirika. Pau na Monaco ni mitaa ya mji, ambako kuta ziko kando ya gurudumu na hakuna mahali pa kukosea. Norisring ya Nuremberg ni fupi kiasi kwamba madereva wa mbele huwakuta wa nyuma upesi. Dereva anayeshinda kote huko hawezi kusemwa kuwa amebebwa na aina moja ya barabara.

Hamilton alishinda Pau. Alishinda Monaco. Alishinda Norisring. Mwisho wa msimu alikuwa na pointi 172, na aliyemfuata, Adrian Sutil wa Ujerumani, alikuwa na 94. Wa tatu alikuwa Lucas di Grassi wa Brazil kwa pointi 68. Idadi ya ushindi ingeweza kufika 16, kwa kuwa huko Spa alifutiwa ushindi mmoja kutokana na kasoro ya kiufundi ya gari, kasoro iliyowaponza pia madereva wengine kadhaa siku hiyo.

Nje ya ligi, mwaka huohuo alitwaa pia taji la Masters huko Zandvoort, mbio ya siku moja iliyokuwa ikiwakutanisha madereva bora wa Formula 3 kutoka ligi mbalimbali.

Takwimu hizo zinapendeza, lakini hazielezi jinsi msimu wenyewe ulivyokaribia kutokuwapo. Hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Hamilton alizaliwa Januari 7, 1985 mjini Stevenage, kaskazini mwa London. Babu yake alihamia Uingereza akitokea kisiwa cha Grenada. Baba yake, Anthony, hakuwa tajiri. Ilifika wakati akafanya hadi kazi nne ili mwanawe aendelee kushindana katika magari madogo yajulikanayo kama kati, ambayo ndiyo shule ya msingi ya mchezo huu. Mwaka 1995, kijana akiwa na umri wa miaka 10, alimfuata mkuu wa timu ya McLaren, Ron Dennis, kwenye hafla ya tuzo na kumwambia kuwa siku moja angependa kuendesha magari yake. Mwaka 1998 McLaren na Mercedes walimtia mkataba. Alikuwa na miaka 13.

Kuanzia hapo gharama zililipwa. Mwaka 2003 alitwaa ubingwa wa Formula Renault ya Uingereza, na 2004 akaingia Euro Series akiwa na timu ya Manor. Mwaka huo wa kwanza haukuwa mzuri sana: alishinda mbio moja tu, huko Norisring, na kumaliza wa tano. Bingwa alikuwa Mwingereza mwenzake, Jamie Green, aliyeendesha gari la timu ya Kifaransa iitwayo ASM.

Ndipo likazuka jambo. Hamilton alitaka kupanda mwaka uliofuata kwenda GP2, ligi mpya iliyokuwa inaanza 2005 kama ngazi ya mwisho kabla ya Formula One. McLaren, kupitia kiongozi wake Martin Whitmarsh, walikataa na kumtaka arudie Formula 3. Kijana hakukubali. Mkataba ukavunjwa.

Kwa dereva mwenye baba tajiri, hiyo ingekuwa kero ya wiki moja. Kwa Hamilton ilikuwa na maana ya kurudi nyumbani. Nusu milioni ya euro ndicho kiasi kilichokuwa kikitajwa kwa msimu mmoja wa Formula 3 katika timu ya maana, na wengine walilipa zaidi. Tukipiga hesabu ya kwetu, kwa kiwango cha shilingi 3,000 kwa euro moja hiyo ni shilingi bilioni 1.5. Mkulima wa korosho wa Chilangala anayeuza kilo moja kwa shilingi 4,000, bei ambayo wakulima wa Newala na Tandahimba waliifurahia sana katika minada ya msimu wa 2024, angehitaji kupeleka ghalani tani 375. Na hizo ni za mwaka mmoja wa kushindana, bila kutaja miaka ya nyuma kwenye kati.

Desemba 2004, katikati ya sintofahamu hiyo, Hamilton alikwenda Bahrain kushiriki mbio ya Formula 3 ya kufunga mwaka, na akaibuka mshindi. Baada ya wiki kadhaa alirudi kwa McLaren, akakubali masharti yao, na mkataba ukafufuliwa. Angerudia darasa.

Kurudia darasa katika mchezo huu ni kamari. Ukishindwa katika mwaka wa kwanza, watu husema ungali unajifunza. Ukishindwa katika mwaka wa pili, hakuna anayesema kitu, simu tu ndiyo inayoacha kulia. Hata kushinda kwa tabu kusingemsaidia sana Hamilton, maana wangesema ni uzoefu. Alihitaji kuwaacha wenzake mbali, na ndivyo alivyofanya.

Wapo waliosema, na wapo wanaoendelea kusema, kwamba alibebwa na gari. Ni kweli kwamba alihama Manor na kwenda ASM, timu ya bingwa aliyetangulia, na kwamba injini ya Mercedes ilikuwa miongoni mwa bora. Timu hiyo iliongozwa na Mfaransa Frédéric Vasseur, na rekodi yake inatisha: kuanzia 2004 hadi 2009 mabingwa wote wa Euro Series walitoka kwake. Baada ya Green na Hamilton walifuata Paul di Resta, Romain Grosjean, Nico Hülkenberg na Jules Bianchi, wawili wa mwisho wakati timu ikiwa imebadili jina na kuitwa ART.

Hata hivyo, hoja ya gari inakwama kwa mtu mmoja. Sutil, aliyemaliza wa pili, alikuwa ASM pia. Gari lilikuwa lilelile, injini ileile, mafundi wa karakana ileile. Alishinda mbio 2 pale mwenzake aliposhinda 15. Na Sutil hakuwa dereva dhaifu: mwaka uliofuata alikwenda Japani na kutwaa ubingwa wa Formula 3 wa nchi hiyo, na mwaka 2007 aliingia Formula One siku moja na Hamilton, yeye akiwa na timu ndogo ya Spyker.

Ubora wa msimu unapimwa pia kwa waliobaki nyuma. Wa tano katika orodha ya 2005 alikuwa kijana wa Kijerumani mwenye miaka 18 aliyekuwa mwaka wake wa kwanza katika ngazi hiyo, na aliyemaliza msimu bila kushinda hata mbio moja. Jina lake Sebastian Vettel. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda mbio 18 kati ya 20 za Formula BMW ya Ujerumani, kwa hiyo bila shaka alishangaa kidogo. Kuanzia 2010 hadi 2013 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One mara nne mfululizo.

Di Grassi, wa tatu, alimaliza mwaka huo kwa kushinda mbio maarufu ya Macau mwezi Novemba. Aliendesha Formula One mwaka 2010 tu, lakini baadaye alishinda mbio ya kwanza kabisa ya magari ya umeme ya Formula E, Beijing, Septemba 2014, na kutwaa ubingwa wa mashindano hayo msimu wa 2016–17. Di Resta alikaa na timu ya Force India kuanzia 2011 hadi 2013. Mholanzi Giedo van der Garde alifika Formula One mwaka 2013. Msimu mmoja wa chipukizi ulitoa madereva sita wa langalanga, wawili wao wakiwa na mataji 11 ya dunia kwa pamoja. Ni vigumu kupata mwingine unaoukaribia.

Wengine wote hawakufika. Baadhi walihamia magari ya kawaida au mbio za masafa marefu na kupata riziki nzuri, baadhi waliishiwa wadhamini. Hilo ndilo jambo la kawaida katika ngazi hizi, na huandikwa mara chache.

Hamilton alipanda GP2 mwaka 2006, akiwa na timu ya ART ambayo Vasseur aliiendesha pamoja na Nicolas Todt, akawa bingwa katika jaribio la kwanza. Machi 2007 alianza Formula One nchini Australia. Ubingwa wa dunia aliupata 2008, kisha 2014, 2015, na miaka minne mfululizo kuanzia 2017 hadi 2020. Mwaka 2025 alihamia Ferrari, na aliyempokea huko kama mkuu wa timu alikuwa Vasseur yuleyule.

Euro Series yenyewe haipo tena. Ilifungwa mwishoni mwa 2012, nafasi yake ikachukuliwa na ligi ya Ulaya chini ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ambayo nayo ilidumu hadi 2018. Tangu 2019 FIA ina Formula 3 moja inayosafiri pamoja na Formula One. GP2 iligeuzwa kuwa Formula 2 mwaka 2017, na chini kabisa, tangu 2014, ipo Formula 4 kwa ajili ya vijana wanaotoka kwenye kati.

Kwa mpangilio huu mpya, dereva hukusanya pointi za leseni maalumu. Anatakiwa kuwa na pointi 40 na, kwa kawaida, umri usiopungua miaka 18 ndipo aruhusiwe kushiriki Formula One. Masharti haya yalikazwa baada ya Max Verstappen kuingia mwaka 2015 akiwa na miaka 17, akitoka moja kwa moja kwenye msimu mmoja wa Formula 3. Faida ya utaratibu huo ni kwamba tajiri hawezi kununua nafasi kwa mtoto asiyejua kuendesha. Hasara yake ni kwamba maskini hawezi kuziruka ngazi zenye kulipiwa, na bei zimepanda: msimu wa Formula 3 ya leo hutajwa kuwa zaidi ya euro milioni moja. Mkulima wetu wa Chilangala aandae tani 750.

Je, Afrika Mashariki imo katika habari hii? Kwa magari ya kiti kimoja, ni kidogo sana. Historia yetu ya magari ni ya barabara za vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kabla ya kubaki Kenya peke yake. Bingwa wa kukumbukwa kama Joginder Singh wa Kenya, au Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda na kushinda Safari mara tano, alijifunza kwa kupita kwenye matope na vumbi la nchi hizi, bila kukanyaga shule za Ulaya.

Bara zima limetoa bingwa mmoja tu wa Formula One, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979. Mbio ya mwisho ya Formula One kufanyika katika ardhi ya Afrika ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993, wakati Hamilton akiwa na miaka 8. Mwenyewe amekuwa akisema hadharani kwa miaka mingi kwamba mashindano yanayojiita ya dunia hayawezi kuendelea kuliruka bara hili.

Kikwazo cha kwanza hakiko kwenye Formula One yenyewe, kiko chini kabisa, kwenye kati. Mtoto wa Ulaya huanza akiwa na miaka 7 au 8, na kila wikiendi hupata mahali pa kushindana. Mtoto wa kule Nyanda za Makonde anaweza kuwa na jicho kali na mkono mwepesi. Yeyote aliyewahi kupakiwa na dereva wa bodaboda kutoka Masasi hadi Newala, akapanda ukingo wa ule uwanda kwenye kona zake, atakubali kwamba vipaji vipo. Lakini hakuna barabara ya kati ya kumpima. Kenya wametangulia kidogo kwa kuwa na viwanja kama Whistling Morans huko Athi River.

Kenya walitangulia pia kwa jambo jingine. Februari 2022, McRae Kimathi na msoma ramani wake Mwangi Kioni waliendesha Ford Fiesta katika Rally ya Sweden, kwenye theluji, wakishiriki ligi ya chipukizi ya mbio za dunia. Baba yake, Phineas Kimathi, ni kiongozi wa muda mrefu wa mchezo huo nchini Kenya, na jina la kijana limetokana na Mskoti Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995. Hiyo si langalanga, lakini ni ngazi ya chipukizi ya Ulaya, na Mwafrika Mashariki alikuwamo.

Rwanda nao wanataka mlango mwingine. Desemba 2024 FIA ilifanya mkutano wake mkuu na sherehe za tuzo mjini Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza rasmi kwamba nchi yake inaomba kuandaa mbio ya Formula One. Katika wiki hiyohiyo Verstappen, ambaye alikuwa ameadhibiwa kufanya kazi ya kijamii kwa kutumia lugha chafu mbele ya waandishi wa habari huko Singapore, alitumikia adhabu yake Kigali kwa kukaa na vijana wa chama cha magari cha Rwanda. Walikuwa wakishughulikia gari dogo la mashindano ya vumbi, lenye fremu ya mabomba ya chuma, lililoundwa palepale Rwanda kwa kufuata michoro ambayo FIA huitoa kwa vyama vya nchi wanachama ili gharama ya kuanza ipungue.